Uzito Unatakiwa Mbele

Mimi naitwa Ilarie, na kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa mwimbishaji wa kanisa letu hapa Poiana Cerbului, kijiji cha milimani huku Romania. Watu huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu chochote zaidi ya zaburi. Nalisema hilo mapema ili ujue kwamba nina heshima zangu, maana haya nitakayosimulia yananivua heshima moja moja mpaka nabaki na soksi.

Lakini habari yenyewe ni ya Saveta, jirani yangu. Mimi nilikuwa mzigo tu.

Saveta alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaolewa na Toader mkata magogo, akafiwa naye akiwa na miaka arobaini na miwili. Mwaka uliofuata alipanda basi akaenda Italia, huko nako milimani, kumtunza mzee asiyeweza kutembea. Alikaa miaka kumi na miwili. Mzee huyo ujanani alikuwa dereva wa basi la milimani, na kwa kuwa miguu ilikufa lakini mdomo ulikuwa mzima, alimfundisha Saveta kuendesha gari, yeye kakaa pembeni na blanketi magotini.

"Alikuwa ananitukana kutoka nyumbani mpaka kwa daktari," Saveta huniambia, "na wakati wa kurudi ananitukana upya. Nikigusa breki kwenye barafu, anapiga kelele utadhani nimemkanyaga yeye."

Mzee alipofariki, Saveta alirudi na masanduku mawili, akiba yake, na matusi yote hayo kichwani. Akanunua gari. Gari la kijivu, limeinuka, limetuna mabega kama yale makubwa ya kupandia milima, lakini ukilichunguza, yanayovuta ni magurudumu mawili ya mbele tu. Ya nyuma yanafuata.

Loo, kijiji kilicheka! Gavril, mtoto wa dada yangu, mwenye gari kubwa jeusi linalovuta kwa magurudumu yote manne, alilizunguka mara mbili mikono mfukoni.

"Shangazi," akasema, "wamekuuzia nusu. Nusu nyingine imebaki dukani."

"Nusu yangu itafika, Gavril," Saveta akamjibu. "Hiyo nzima yako tutaiona."

Na mimi nilicheka, tena kwa sauti. Sauti ninayo.

Asubuhi ya theluji huwezi kumharakisha Saveta hata nyumba ikiwaka moto. Kwanza anachukua ufagio anafagia gari lote, paa na taa na yote, kwa sababu theluji ya juu ukiiacha itakushukia kiooni siku utakapokamata breki. Kisha anainama anaangalia matairi, yote manne ya theluji, si mawili kama wafanyavyo wabahili wetu. Tangi halijawahi kushuka chini ya nusu. Nyuma ana sepetu, ndoo, kamba, blanketi, mshumaa na minyororo ya matairi, aliyozoea kuifunga kwa dakika saba. Halafu ndipo anawasha, na anaondoka taratibu mno, mguu wake kwenye mafuta ni wa mtu anayepita gizani akiogopa kumkanyaga paka. Nilikuwa nikimwangalia dirishani nikitikisa kichwa. Nilisema, huyu mama atafika mjini Pasaka.

Sasa, figo zangu zilikufa mwaka juzi. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, lazima niende mjini kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima. Mji uko ng'ambo ya mlima, kilomita thelathini na nne. Kiangazi gari la wagonjwa huja kutuchukua. Baridi kali, likifika darajani, dereva anapiga simu anasema samahani Mwalimu, na mimi namwelewa, ana watoto.

Wiki moja kabla ya Krismasi theluji ilianguka siku mbili bila kupumua. Jumatano gari la wagonjwa halikuja. Saveta akatoka uani, akaniuliza kama nataka kwenda. Nikamwambia asante, Gavril atanipeleka, yeye ana gari la maana.

Gavril alikuja anapiga honi. "Panda, mjomba! Magurudumu manne! Utafika kabla hawajatafuta sindano."

Na kweli tuliondoka kwa kishindo. Magurudumu manne yalivuta kwelikweli. Lakini kwenye Kona ya Msalaba, pale panapotelemka, yalitakiwa kusimama, na kusimama ni habari nyingine kabisa. Gavril alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaendelea na safari zake. Tukaingia mtaroni polepole, kwa adabu, pembeni ya ule msalaba wa mbao, na hapo pakawa mwisho wa mbwembwe.

"Mjomba, hujaumia?"

"Sijaumia. Nitakufa tu, lakini sijaumia."

Tulirudi kwa miguu, kilomita moja ya kupanda. Nilisimama mara kumi na nne kutafuta pumzi. Jioni Mioara, muuguzi wa mashine, akanipigia.

"Mwalimu, leo hukuja. Ijumaa usipokuja, maji yatakujaa mapafuni. Sikutishi, nakwambia ilivyo. Umekunywa nini leo?"

"Chai kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

Nikasikia kalamu yake inaandika. Kalamu hiyo ilinitisha kuliko maneno.

Alhamisi miguu ilivimba hata buti hazikuingia. Nililala nimekaa kwenye kiti, maana nikijinyoosha pumzi inakata. Niliogopa. Sizunguki: niliogopa kufa, mtu mzima mimi, ambaye nimewaimbia wafu wa kijiji hiki wote na kuwaambia jamaa zao wasiogope.

Mlango ukagongwa. Saveta, na kilemba chake kimejaa theluji.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Vaa soksi mbili mbili."

"Saveta, barabara..."

"Barabara naijua. Wewe vaa soksi."

Hakunikumbusha Gavril wala mtaro. Ningekuwa mimi, ningekumbusha.

Usiku ule ule Gavril naye akaja, mnyonge, kofia mkononi. Alikuwa na wazo. "Mjomba, unakumbuka babu alikuwa anaweka magunia ya mchanga nyuma ya kile kigari chake cha mizigo wakati wa baridi? Kikawa hakitelezi?"

Nilikumbuka vizuri sana. Marehemu baba alikuwa hasafiri bila mchanga wake. Kila mwanamume wa hapa anajua: theluji ikianguka, pakia nyuma. Hakuna kati yetu wawili aliyejiuliza kigari cha baba kilivutwa na magurudumu gani. Tukakubaliana, bila kumwambia mwenye gari, kwa sababu tulijua atabisha. Alfajiri, Saveta akiwa ndani anajaza chupa ya chai, Gavril akafungua buti la gari la Saveta akapanga magunia manne ya mchanga, kilo hamsini kila moja, akayafunika kwa blanketi. Nikaona tumefanya jambo la akili.

Niseme hapa kwamba nilikaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nakaa nyuma siku zote nilipopanda gari la Saveta. Mke wangu Paraschiva alifariki miaka sita iliyopita, Saveta ni mjane, na ng'ambo ya barabara anakaa Nastasia, ambaye dirisha lake halina pazia na mdomo wake hauna kufuli. Mwimbishaji wa kanisa hakai mbele na mjane. Ndivyo tulivyo. Saveta hakuwahi kusema kitu juu ya hilo.

"Ajabu," alisema tulipoondoka. "Taa zangu leo zinaangalia mbinguni."

Nikajifanya nakohoa.

Tulitelemka kwa gia ya pili, polepole, injini yenyewe ikilizuia gari, breki hazijaguswa. Kwenye Kona ya Msalaba akakata usukani. Magurudumu ya mbele yaligeuka, nikayasikia yanaparuza, lakini gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja kuelekea kwenye gari la Gavril mtaroni, na mimi nikaanza zaburi ya hamsini katikati.

Saveta hakukanyaga breki. Aliinua mguu kwenye mafuta, akaurudisha usukani kidogo, akangoja. Mungu wangu, alingoja! Matairi yakauma barabara, akageuza taratibu, tukasimama hatua moja kutoka kwenye mtaro.

Hakugeuka kuniangalia.

"Mwalimu. Nyuma kuna nini?"

"Nyuma wapi?"

"Mwalimu!"

"Kuna mchanga kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Magunia manne."

Akateremka. Nikasikia buti linafunguliwa, kisha nikasikia mambo kwa Kiitaliano ambayo nashukuru siyaelewi. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Ilarie," akasema, si Mwalimu tena, "gari hili linavutwa na mbele. Kona linakata kwa mbele. Kila kitu chake kiko mbele! Wewe na huyo mpwa wako mmelikalisha matako chini, pua ikainuka, matairi yanapapasa hewa. Mlitaka nikuue halafu niimbiwe na nani?"

"Tulitaka kusaidia."

"Mkitaka kusaidia, ulizeni! Nina mdomo. Ungeniuliza ningekwambia."

Alikuwa analia kwa hasira, na mimi nilijiona mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mwanamke wa miaka sitini na moja aliyaburuta magunia yote manne peke yake mpaka chini ya msalaba, maana mimi hata kusimama ilikuwa kazi. La mwisho akalipasua, akajaza ndoo moja ya mchanga, akaiweka mbele, sakafuni pa kiti cha abiria.

"Huu nao una kazi yake," akasema. "Kwa sepetu. Si kwa gunia."

Safari iliyobaki nilimwangalia anavyoendesha. Nilikuwa sijawahi kuangalia. Penye mpando aliona mbali, akachukua mwendo mapema pale chini palipo tambarare, na juu hakuongeza wala hakupunguza, mwendo ule ule mpaka kilele. Lori lililotutangulia aliliachia nafasi ndefu mno, hata kijana mmoja akatupita akatuonyesha ngumi. Kabla ya daraja alipunguza wakati barabara ilionekana safi kabisa. "Daraja linaganda kwanza," akasema, "halina ardhi ya kulipasha." Yule kijana tulimkuta ng'ambo ya daraja gari lake limegeuka linaangalia lilikotoka, mwenyewe hajaumia, amejishika kichwa. Saveta alishusha kioo, akampa chai, akampigia simu mtu wa kuvuta magari, tukaendelea.

Saa tatu kasoro Mioara alinipokea mlangoni na kiti cha magurudumu. Alinibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Kesho ungekuja kwa jeneza," akasema. "Nani kakuleta katika hali hii?"

"Jirani."

"Jirani! Mshike sana huyo jirani."

Mashine ilinitoa lita nne za maji. Nilipotoka nilikuwa mwepesi na dhaifu, kichwa kinaelea, lakini napumua. Napumua mpaka chini! Saveta alikuwa kwenye benchi na kitunguu saumu na pilipili manga alivyonunua kwa ajili ya soseji, maana ilikuwa siku ya Mtakatifu Ignati, na huku kwetu siku hiyo kila nyumba inachinja nguruwe wake.

Kurudi kulikuwa kwema mpaka chini ya kijiji. Jua la mchana lilikuwa limeyeyusha juu ya theluji, na sasa, saa tisa na nusu, palikuwa pameganda tena, kilima kizima kinang'aa. Alijaribu mara moja, tukafika katikati, matairi ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Hakulazimisha. Alirudi chini polepole, akajaribu tena na mchanga kidogo, tukafika pale pale. Akarudi mpaka kwenye tambarare ya kinu cha zamani, akazima redio.

Nilijua hesabu yake bila kuambiwa. Kwa miguu sikuweza. Ningeanguka kabla ya nyumba ya kwanza, na baridi ilikuwa inashuka kwa kasi. Minyororo sikumwona akiitafuta. Ile ndoo ya mchanga na mimi ndivyo vilivyokuwepo.

"Minyororo iko wapi?" nikauliza.

"Gavril aliitoa kupisha magunia. Nimeikuta haipo nilipofungua buti kule konani. Nilikuwa na hasira za kutosha, sikutaka kuongeza." Akaligeuza gari, nyuma ikaangalia kilima, pua ikaangalia bondeni. "Mwalimu, hamia mbele."

"Niko sawa hapa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Una kilo ngapi?"

"Tisini na nne. Asubuhi tisini na nane."

"Basi ziletee hizo tisini na nne huku mbele. Tunapanda kinyumenyume. Hivyo magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini, uzito wote unayalalia. Yule mzee wangu alipanda hivyo na basi... alidai."

"Saveta, watu wataona. Kijiji kizima kiko nje na nguruwe."

"Wataona. Wakichoka kuona watarudi kwa nguruwe wao."

"Mimi ni mwimbishaji wa kanisa."

"Na mimi ni mjane, nimejua hilo miaka mingi. Chagua, uzito au mdomo wa Nastasia. Mimi nasubiri, lakini barafu haisubiri."

Nikahamia mbele. Ndoo ya mchanga nikaibana kati ya magoti.

Hapo ndipo sikuwa nimefikiri vizuri. Mtu anayeendesha kinyumenyume anageuka kuangalia nyuma, na akigeuka, mkono wake wa kulia, maana huku kwetu usukani uko kushoto, unakwenda juu ya mgongo wa kiti cha jirani. Yaani kwa mtu aliye nje, Saveta amenikumbatia. Tukapanda kilima cha Poiana Cerbului hivyo, matako mbele, mimi nimekumbatiwa, mchana kweupe.

Nguruwe walikuwa wanachomwa manyoya kwa majani makavu pande zote za barabara, moshi umejaa. Mtu mmoja akatuona, akamgusa mwenzake. Nyumba hadi nyumba watu wakasimama, visu mkononi.

"Mwalimu!" Nastasia akapaza sauti, bado ameshika fungu la majani yanayowaka. "Unakuja au unaondoka?"

"Angalia usijichome!" nikamjibu, na kwa kukosa la kufanya nikanyoosha mkono nikawabariki kulia na kushoto utadhani mimi ndiye padri. Wakaangua kicheko kikubwa.

"Shangazi!" Gavril akakimbia kando yetu, mikono ina damu ya nguruwe. "Gari umeligeuza kichwa!"

"Na wewe minyororo yangu irudishe!" Saveta akamjibu bila kutoa macho kwenye kioo cha nyuma. "Halafu nenda Kona ya Msalaba, kuna mchanga wako pale, umwage wote barabarani kabla wageni hawajaja kula nguruwe."

Gari halikuteleza hata mara moja. Lilipanda mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nilikuwa naangalia mbele, yaani nyuma, kule tulikotoka: kinu, kona, msalaba, daraja dogo, mlima wote mweupe nilioupita nikiwa nimekaribia kuzama kwa maji yangu mwenyewe. Nilikuwa naenda nyumbani huku naiona njia niliyoponea. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

"Ni moshi," Saveta akakubali.

Jioni alinikaangia kipande cha nyama bila chumvi, kama anavyoagiza Mioara, na ugali wa mahindi. Kilikuwa hakina ladha hata chembe. Nilikimaliza.

Baada ya hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikaa mbele. Ilijulikana kwa nini: barafu, kilima, magurudumu ya mbele, kilo tisini na nne. Hata padri aliwaeleza watu baada ya ibada, akachora hata gari kwenye theluji kwa fimbo. Gavril aliweka sanduku la mchanga Kona ya Msalaba, akaandika jina lake juu. Nastasia alisubiri mwezi mzima apate la kusema, hakupata, kwa sababu ilikuwa sayansi.

Mwezi wa nne theluji iliyeyuka. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano barabara ilikuwa kavu hadi vumbi linaruka, miti ya plamu imechanua, na gari la wagonjwa lilikuwa limeanza tena kuja. Nilikuwa nimeliambia lisinisumbukie. Nikatoka uani na mfuko wangu. Saveta alikuwa ameshawasha gari. Ng'ambo, Nastasia amesimama getini na ndoo, hana haraka ya kwenda popote.

Nikafungua mlango wa nyuma.

"Unaenda wapi?" Saveta akauliza.

"Nyuma. Theluji imekwisha."

Aliweka mikono kwenye usukani, akaangalia barabara.

"Uzito unatakiwa mbele," akasema.

"Barabara ni kavu, Saveta."

"Kwani nimesema barabara?"

Nikaufunga ule mlango wa nyuma kwa nguvu, Nastasia asikie vizuri, nikaenda kukaa mbele.